Bagi ya Rimoti Ivuke Tuta: Marekebisho Yanayoanza Kabla ya Kuruka

Bagi ya rimoti ikiruka tuta na kuangukia pua, wengi hukimbilia dawa moja tu, mwendo zaidi. Mota inabadilishwa, betri kubwa inanunuliwa, halafu mruko unaofuata bagi inaanguka vilevile, safari hii kwa kishindo kikubwa zaidi, na mkono wa mbele unavunjika. Makala haya ni kwa ajili ya mtu anayetaka bagi yake iruke matuta ya uwanja wa udongo, itue kwa magurudumu yote manne na iendelee na mbio. Niseme mapema ninachokiamini: mruko mzuri hutengenezwa ardhini. Sehemu kubwa ya yale unayoyaona hewani imeshaamuliwa kwenye mita ya mwisho kabla ya ukingo wa tuta. Ukiielewa mita hiyo, hutabahatisha tena kila unaposhika bisibisi.

Mfano wangu utakuwa bagi ya umeme ya kipimo cha 1/8, inayoendeshwa na magurudumu yote manne, yenye uzito wa kama kilo 3 na nusu. Mwenye bagi ndogo ya 1/10 afuate njia ileile. Kitakachobadilika zaidi ni vipimo vya kimo na oili, na cha kimo nitakitaja.

Anza kwa kulipima tuta

Chukua matuta pacha, moja la kurukia na jingine la kutua, yenye kimo sawa. Kutoka ukingo wa la kwanza hadi mahali pa kutua ni mita 4, na uso wa kurukia umeinuka nyuzi 20. Tukiuacha kando upinzani wa hewa, bagi inapaswa kuondoka ukingoni kwa mwendo wa karibu mita 7.8 kwa sekunde, yaani kilomita 28 kwa saa. Itakaa hewani zaidi kidogo ya nusu sekunde, na ikifika kileleni itakuwa sentimita 36 hivi juu ya ukingo.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, mwendo ukiongezeka kidogo, umbali unaongezeka sana. Ongeza mwendo kwa asilimia 10, na bagi itaruka karibu mita 4.8 badala ya 4, hivyo itaupita mteremko wa kutua na kuangukia tambarare. Punguza kwa asilimia 10, itaishia mita 3.2 na kuligonga tuta la pili kwa tumbo. Kwa hiyo unachotafuta ni mwendo uleule kila mzunguko. Mwendo mkubwa usiotabirika utakuvunjia vyuma.

La pili, uzito haumo kabisa katika hesabu hiyo. Bagi nzito na nyepesi zikiondoka ukingoni kwa mwendo mmoja na pembe moja, zitatua mahali pamoja. Uzito una kazi yake katika kupata mwendo na katika mshtuko wa kutua, lakini kubandua vifaa ili bagi "ielee" ni kupoteza muda.

Pembe ya tuta nayo ina gharama zake. Umbali uleule wa mita 4 kwa pembe ya nyuzi 15 unataka karibu kilomita 32 kwa saa. Kwa nyuzi 30 unataka kilomita 24 tu, lakini bagi itapanda hadi sentimita 58 na itashuka kwa ukali zaidi. Kabla ya kurekebisha chochote, ujue tuta lako lina nyuzi ngapi. Laza ubao ulionyooka juu ya uso wake, upime: tuta la nyuzi 20 hupanda sentimita 36 kwa kila mita 1 ya kwenda mbele.

Kama uwanja unaujenga mwenyewe, chagua udongo kwa makini. Udongo mwekundu uliolowanishwa kiasi na kushindiliwa hushika umbo. Udongo mweusi wa mfinyanzi hunata kwenye tairi ukilowa na hupasuka ukikauka, na mchanga mtupu hauwezi kushika ukingo. Nyoosha uso wa kurukia mpaka juu, kwa sababu uso uliochimbika katikati huzikandamiza shokapu ghafla kisha huitupa bagi juu bila mpangilio. Mteremko wa kutua uwe na pembe ileile ya kurukia. Bagi iliyopanda kwa nyuzi 20 hushuka kwa nyuzi 20, hivyo tairi huukuta udongo ukiwa umeelekea zinakoelekea, na mshtuko unakuwa mdogo sana. Ikiangukia tambarare ya kimo kilekile, hugonga chini kwa mwendo wa wima wa karibu mita 2.7 kwa sekunde, na hakuna shokapu inayoufurahia mgongano huo kila mzunguko.

Kidole kabla ya bisibisi

Nimeona bagi nyingi zikifunguliwa shokapu kwa tatizo lililokuwa kwenye triga. Dereva mwenye woga huiachia triga ukingoni. Magurudumu hupungua kasi, uzito hukimbilia mbele, na pua inainama kabla bagi haijatoka ardhini. Dereva mwenye pupa huivuta yote akiwa katikati ya uso wa tuta, na pua inapanda hadi bagi inakaribia kupinduka kinyumenyume.

Jenga mwendo wako kwenye tambarare kabla ya tuta. Bagi ikifika chini ya tuta, triga iwe imetulia mahali pamoja, na ikae hapo mpaka magurudumu ya nyuma yaondoke ukingoni. Usukani uwe umenyooka. Kona ndogo kabisa kwenye uso wa tuta hugeuka kuwa bagi iliyolala ubavu hewani.

Hewani unabaki na uwezo mmoja, kubadilisha mkao. Njia ya bagi huwezi kuibadilisha. Magurudumu yanapoongezwa kasi kwenda mbele, mwili wa bagi husukumwa kuzunguka kinyume chake, na pua inapanda. Ukishika breki, pua inashuka. Bagi ya magurudumu manne huitikia zaidi kuliko ya magurudumu mawili, kwa kuwa mota na breki zinayashika yote manne. Muda ulionao ni nusu sekunde, kwa hiyo gusa tu. Kabla tu ya kutua, rudisha triga kiasi ili tairi zizunguke karibu na mwendo wa ardhi. Zikitua zimefungwa na breki, bagi itajikwaa. Zikitua zinazunguka kupita kiasi, udongo utazishika ghafla, na mshtuko huo utaishia kwenye shafti na meno ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu.

Ruka tuta mara kadhaa kwa triga iliyotulia kabla ya kuilaumu bagi. Tatizo likibaki lilelile kila mruko, sasa ni la marekebisho. Likibadilika kila mara, endelea kukifundisha kidole.

Soma tumbo la chesisi

Mtazamaji aliye pembeni husema bagi "imeruka vibaya", lakini neno hilo halikwambii uguse wapi. Chesisi itakwambia. Safisha tumbo lake, likauke, kisha chora mistari mipana kwa kalamu ya wino mzito sehemu tano: mbele nyuma ya bampa, katikati, nyuma chini ya difu, na pembeni kulia na kushoto. Ruka tuta, tua, ukaigeuze bagi. Wino ukifutika mbele tu, inatua kwa pua. Ukifutika chini ya difu ya nyuma, inatua kwa mkia. Ukifutika upande mmoja, inajilaza ubavu. Ukikwanguka kila mahali hadi chuma kinang'aa, inatua sawa lakini shokapu zinazidiwa.

Ongeza shahidi wa pili, simu. Simu nyingi siku hizi hupiga video ya mwendo wa polepole ya fremu 240 kwa sekunde, maana yake mruko wa nusu sekunde unakupa zaidi ya picha 120. Muombe mwenzako apige kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa ukingo. Tazama hasa fremu ambazo magurudumu ya mbele yameshaondoka na ya nyuma bado yanagusa udongo. Hapo ndipo pua huanza kupanda au kuinama.

Tairi na kimo

Bagi isiyoshika ardhi kwenye njia ya kuingilia tuta haiwezi kupata mwendo uleule mara mbili. Kwenye vumbi zito na udongo uliolegea, tafuta tairi zenye meno marefu yaliyoachana. Kwenye udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu wenye uso laini, meno madogo yaliyosogeleana hushika vizuri zaidi. Hakikisha gundi kati ya tairi na rimu haijabanduka, na sponji ya ndani haijalowa maji wala haijasagika, kwa sababu tairi moja laini kuliko mwenzake itaivuta bagi pembeni ukingoni.

Kimo cha chesisi kinapimwa betri ikiwa ndani. Inyanyue bagi kidogo, iachie, iminye mara mbili, kisha upime kutoka ardhini. Kwa 1/8, milimita 26 hadi 30 ni pa kuanzia. Kwa 1/10, milimita 20 hadi 24. Panga mbele na nyuma kwa usawa au karibu na usawa, na kulia kulingane na kushoto. Kisha jaribu mizani: inyanyue bagi kwa ncha mbili za bisibisi, moja mbele na moja nyuma, kwenye mstari wa katikati. Ikilalia upande mmoja, sogeza betri au vifaa vya umeme mpaka itulie. Bagi iliyoegemea upande mmoja ardhini itaegemea huko hewani pia.

Shokapu ndiyo roho ya kazi

Kampuni ya Team Associated ilipoitoa bagi ya RC10 mwaka 1984, ilikuja na shokapu ndefu za oili ambazo dereva angeweza kuzifungua na kuzirekebisha. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya 1/10 kwenye viwanja vya udongo. Tangu enzi hizo mengi yamebadilika, lakini kazi ya oili, pistoni na springi ndani ya shokapu ni ileile, na ndiyo inayoamua bagi inaondokaje ukingoni.

Springi huibeba bagi. Oili inayopita kwenye matundu ya pistoni huizuia springi isirudi kwa fujo. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba pistoni ina tabia mbili. Ukiisukuma polepole, oili hupita bila shida. Ukiisukuma kwa kasi, matundu hayatoshi na shokapu inakaza, kama bomba la sindano linalosukumwa kwa nguvu. Matundu madogo hukaza mapema, kwa hiyo huishikilia chesisi isipige chini bagi inapotoka juu sana, lakini kwenye mashimo madogo ya mfululizo tairi zitadunda. Matundu makubwa huziacha tairi zifuate mashimo, ila mruko mkubwa utalipiga tumbo. Ndiyo maana oili nzito kwenye matundu makubwa na oili nyepesi kwenye matundu madogo zinaweza kufanana ukizibonyeza mkononi, kumbe uwanjani ni bagi mbili tofauti.

Kwa 1/8, anza na oili ya silikoni ya sentistoksi 500 mbele na 450 nyuma. Joto huifanya oili iwe nyepesi: oili iliyofaa asubuhi ya Julai mjini Arusha itakuwa nyepesi mno kwa mchana wa Februari Dar es Salaam. Uwanja ukiwa na joto kali, panda ngazi moja. Ukiwa na baridi, shuka moja.

Kuijaza shokapu kunahitaji subira. Ishike wima, fimbo ya pistoni ikiwa imevutwa hadi chini, mimina oili karibu ijae, kisha ipandishe na kuishusha pistoni polepole, bila kuitoa juu ya oili. Utaona viputo vikitoka chini ya pistoni na kupanda. Iache isimame dakika kadhaa mpaka juu pawe safi. Funga kifuniko fimbo ikiwa imeingia nusu, acha oili ya ziada itoke, kaza. Sasa chukua shokapu ya kulia na ya kushoto bila springi, zikutanishe ncha kwa ncha, uzisukume pamoja. Zote mbili ziingie kwa kasi moja na zirudi sawa. Moja ikiwahi kuliko nyingine, fungua tena. Tofauti hiyo ndogo ni sababu kubwa ya bagi kujilaza ubavu hewani, na hakuna dereva anayeweza kuifidia kwa kidole.

Sasa fanya jaribio la kuangusha. Ishike bagi ikiwa tambarare, magurudumu yakiwa sentimita 36 juu ya sakafu ngumu, uiachie. Kimo hicho sikukichagua ovyo: bagi inayoanguka kutoka hapo hugonga chini kwa mwendo uleule wa wima wa mfano wetu wa mita 4 ikitua kwenye tambarare ya kimo cha ukingo. Tumbo liguse sakafu kidogo, bagi ipande mara moja hadi kimo chake na itulie. Ikidunda, oili ni nyepesi. Ikipiga kwa kishindo, jaribu oili nzito zaidi, pistoni ya matundu madogo au springi ngumu zaidi, kimoja baada ya kingine. Mkia ukiruka juu peke yake, umeipata sababu ya pua kuinama.

Pua ikiinama, pua ikipanda

Bagi inapopanda tuta, shokapu hukandamizwa. Magurudumu ya mbele huondoka kwanza, na ya nyuma yanapofika ukingoni, springi za nyuma hufunguka na kuutupa mkia juu. Pua ikiinama na triga ilikuwa imetulia, punguza kasi ya mkia kufunguka: weka oili nzito zaidi nyuma. Isipotosha, punguza kidogo mshuko wa magurudumu ya nyuma, yaani kiasi yanachoshuka ukiinyanyua bagi, kwa skrubu za kwenye mikono. Usipunguze sana, maana mshuko huo ndio unaokupokea unapotua. Mwishowe sogeza betri nyuma, au inua pembe ya bawa ili hewa iusukume mkia chini.

Pua ikipanda kupita kiasi, fanya kinyume chake: oili nzito zaidi mbele, betri mbele, bawa lilale zaidi. Ikiwa mkao ni mzuri ila bagi haipati kimo, angalia pini za ndani za mikono ya nyuma. Ncha ya mbele ya pini ikiinuliwa kwa kubadilisha kishikio chake, mkia hauchuchumai unapoongeza moto, na tuta huirusha bagi juu zaidi. Gharama yake ni kwamba magurudumu ya nyuma hayatafuata mashimo vizuri kama awali. Kwenye uwanja uliochakaa, rudi chini.

Nguvu inayofika kwenye tairi

Mara nyingi kati ya kona na tuta kuna mita chache tu. Difu ya katikati yenye oili nyepesi huipeleka nguvu kwenye magurudumu yaliyo mepesi. Ya mbele yanazunguka bure na mwendo haupatikani. Kwa 1/8, sentistoksi 7000 mbele, 7000 katikati na 3000 nyuma ni pa kuanzia panapotumiwa sana. Bagi ikikosa msukumo wa kutoka kona, ongeza ya katikati. Bagi nyingi za 1/10 zina klachi ya kuteleza. Ikaze kiasi kwamba iteleze kidogo unapoondoka kwa nguvu, ili ipokee mshtuko wa kutua badala ya gia kubwa.

Usichague pinioni (gia ya kwenye mota) kubwa ili tu bagi iwe na kasi. Pima joto la mota baada ya mbio: likikaribia nyuzi 80 za selsiasi, shusha meno ya pinioni. Kumbuka pia kwamba betri ya seli nne huanza na volti 16.8 ikijaa, kisha hushuka kadiri mbio zinavyoendelea. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwendo wa juu wa mota hupungua karibu vivyo hivyo, na umeshaona asilimia 10 ya mwendo inafanya nini kwenye mita 4. Panga gia ili tuta livukwe kwa robo tatu ya triga, ubaki na akiba. Usiiruhusu seli kushuka chini ya volti 3.2, na usiiache betri ya litiamu ikichajiwa bila mtu karibu. Wakati wa majaribio, watazamaji, hasa watoto, wasikae upande wa kutua: kilo 3 na nusu kwa kilomita 28 kwa saa zinaweza kumvunja mtu mguu.

Badilisha kimoja, andika, rudia

Utaratibu ndio unaomtofautisha fundi na mbahatishaji. Anza na kidole, kisha tairi, kimo, shokapu, mshuko, halafu difu na gia. Badilisha kitu kimoja, ruka mara kadhaa, soma wino na video, andika kwenye daftari: tarehe, hali ya udongo, joto la siku, ulichobadilisha na kilichotokea. Badiliko lisiposaidia, lirudishe kabla ya kugusa lingine. Ukibadilisha oili na springi kwa pamoja na bagi ikaruka vizuri, hujui ni kipi cha kukumbuka siku udongo utakapobadilika.

Usiridhike na mruko mmoja mzuri betri ikiwa imejaa. Ipeleke bagi uwanjani wakati betri imebakiza dakika zake za mwisho, tuta limeanza kuchimbika na shokapu zimepata moto. Ikivuka mita zile 4 kwa triga isiyofika mwisho, mzunguko baada ya mzunguko, tumbo likigusa kidogo na magurudumu manne yakitua pamoja, hiyo bagi imerekebishwa. Nakili vipimo vyake ukurasa wa kwanza wa daftari, na umpe nakala anayeanza mchezo huu katika uwanja wenu, aanzie hapo.